Saa ya Marehemu Wekoye

Ngige, rafiki yangu fundi wa saa pale Kitale, si mtu wa kuongeza chumvi. Mwaka wa 2006, Nelima, mjane kutoka Sirisia, alimletea saa ghali ya marehemu mumewe, ile ya muundo mpya yenye kalenda.

"Iangalie, kesho kijana wangu ataivaa."

Stima ilikuwa imepotea. Kwenye giza la duka, saa ililia tik, tik, tik.

"Nani amekuwa akiivaa, mama?"

"Hakuna. Si vitu vya marehemu haviguswi mpaka familia ikae? Tumekaa jana. Tangu mazishi, miezi mitatu, ilikuwa kwa sanduku. Ufunguo ninao mimi."

Ngige aliijua aina hiyo. Saa hiyo haina betri. Huendeshwa na mkono wa mvaaji unapotembea, na ikivuliwa siku tatu husimama.

Akawasha tochi. Tarehe ilikuwa ya leo. Mkanda wa ngozi ulikuwa umelowa jasho.