Barua ya Pasi Isiyokuwepo

Asubuhi hiyo Mama Pacha alishindwa kumfunga mwanawe vifungo vya shati. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na bandeji kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Pacha mmoja alikuwa analia. Wa pili alikuwa ameficha kiatu cha mwenzake.

"Baba Pacha, njoo unisaidie!"

"Nakuja!" Mumewe alikuwa ameinua godoro, anatoa suruali yake. Nyumba ile haikuwa na pasi. Suruali zililazwa chini ya godoro, na asubuhi zilitoka zimenyooka.

Mama Pacha alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Yeye na wenzake watano walitoka nchi nyingine. Siku ya kwanza msimamizi alichukua pasipoti zao, akazifungia kabatini. "Nawatunzia," alisema. Nao wakamshukuru! Kila Mama Pacha alipoikumbuka shukrani ile, alitamani kujizaba kofi.

Mashine ya kunyooshea mashuka ina kinga ya chuma mbele. Mkono ukigusa kinga, mashine inasimama. Msimamizi aliona kinga inachelewesha kazi, akaifunga juu kwa kipande cha shuka. Jumanne moja, saa nne asubuhi, shuka lilijikunja likauvuta mkono wa Mama Pacha. Mkono ukaungua vibaya.

"Ukisema umeungulia hapa, napiga simu uhamiaji," msimamizi alimwambia. "Lete barua kwamba uliungua nyumbani. Bila barua usirudi."

Mama Pacha alikataa. Lakini barua ilipelekwa. Aliipeleka mumewe, kimyakimya, na asubuhi hii ndiyo kwanza anamwambia, huku anajifanya anatafuta soksi.

"Uliandika nini?"

"Kwamba uliungua kwa pasi yetu."

"Pasi yetu ipi?"

Baba Pacha akakohoa. "Mke wangu, sisi ni wageni hapa. Tuvumilie tu."

"Tuvumilie? Kwani mkono ni wako?"

Mama Pacha alikuwa amechoka. Alichoshwa na bandeji, alichoshwa na msimamizi, na zaidi ya yote alichoshwa na hilo neno, tuvumilie.

"Hodi!" Alikuwa jirani yao, mpishi wa hospitali. Huko kazini kwake yeye ni mwakilishi wa wafanyakazi. "Kelele zenu zimenikuta kwenye chai yangu. Mmenunua pasi lini?"

Walimweleza yote. Jirani akavuta kiti, akamtazama Baba Pacha.

"Shemeji, sikiliza. Sheria ya kazi ya hapa haimuulizi mtu katoka wapi. Ukifanya kazi, inakulinda. Kufunga kinga ya mashine ni kosa. Matibabu ni juu ya mwajiri. Na pasipoti ni ya mwenyewe, bosi hana ruhusa ya kuishika."

"Akiita uhamiaji je?"

"Kumtisha mfanyakazi ili asilalamike, hilo nalo ni kosa. Kwani kibali chenu cha kazi kimeisha?"

"Bado."

"Sasa mnaogopa nini? Hata kingekuwa kimeisha, mngeanza kwa wanasheria wa msaada, hawatozi kitu. Kibali kikiisha, haki ya kutoumizwa kazini haiishi."

"Na wakimfukuza?"

"Kumfukuza kwa sababu amelalamika ni kosa jingine. Mwache ajiongezee!" Jirani akamgeukia Mama Pacha. "Dada, chukua kadi ya zahanati, ina tarehe na saa. Piga picha ya mkono. Andika ilivyotokea, na nani aliona. Leo twende ofisi ya kazi ya serikali."

"Na barua yangu?" Baba Pacha aliuliza kwa sauti ndogo.

"Uliiandika mwenyewe. Utaikana mwenyewe."

Baada ya siku tatu mkaguzi wa kazi alifika kiwandani pamoja na mume na mke. Kipande cha shuka kilikuwa bado kimefungwa kwenye kinga. Msimamizi akatoa barua haraka. "Aliungua nyumbani. Mumewe ameandika hapa."

Mkaguzi akamtazama Baba Pacha. "Huu ni mwandiko wako?"

Mama Pacha alimkazia mumewe macho. Akisema ndiyo akaishia hapo, mkono na kazi vyote vimekwenda.

"Ni wangu," alisema. "Lakini ni uongo. Niliandika kwa woga. Nyumbani hatuna pasi."

"Mnanyoosha nguo kwa kitu gani?"

"Kwa godoro."

Wafanyakazi waliangua kicheko. Kicheko kile kikawatoa hofu. "Mimi niliona mkono ukivutwa," alisema mmoja. "Na mimi," akasema wa pili. Mkaguzi akaandika yote.

Siku hiyohiyo kinga ilishushwa. Kabati likafunguliwa, na pasipoti sita zikarudi mikononi mwa wenyewe. Kiwanda kilibeba matibabu. Mama Pacha aliendelea na kazi, akawekwa meza ya kukunja mashuka mpaka mkono upone. Msimamizi aliondolewa.

Mkaguzi alimpa Mama Pacha nakala ya ile barua. Aliibandika ukutani, juu ya kitanda.

"Itoe, mke wangu. Wageni wanaisoma."

"Waisome. Siku utakayoleta pasi humu ndani, nitaichana."

Jumamosi moja, bandeji ikiwa imeshatolewa, Baba Pacha alirudi na boksi mkononi. Mama Pacha alilifungua, akaitazama pasi kwa muda. Kisha akapanda kitandani na kuibandua barua, kwa mikono yote miwili.