Te Quiero Kwenye Simu ya Mwalimu

— Nani huyu anakuandikia "te quiero"?

Mwalimu alitoka bafuni na povu la kunyolea shavuni, akamkuta mkewe kasimama katikati ya chumba na simu yake mkononi. Akajifuta povu, kisha akacheka.

— Ah, mke wangu! Huyo mwanafunzi wangu wa Kihispania. Keti nikueleze.

Mkewe, fundi cherehani, akaketi ukingoni mwa kitanda. Yeye shule aliiacha mapema, na kwa miaka tisa ya ndoa mumewe ndiye aliyekuwa kamusi ya nyumba.

— Neno hilo limetoka kwenye Kilatini, quaerere. Maana yake kutafuta. Waitaliano wakalichukua, kwao likawa kuuliza au kuomba. Kwenye Kifaransa cha kale likawa kwenda kuleta. Lugha ndugu hizo, kila moja na fungu lake. Huyo alikosa kipindi, ananitafuta.

— Anakutafuta tu?

— Tu. Ungeniuliza kabla ya kupandisha hasira.

Fundi akaona aibu. Akamrudishia simu, akamwomba radhi. Lakini moyo ulikuwa mzito, na ule ujumbe alikuwa keshaupiga picha kwa simu yake mwenyewe.

Mchana wifi yake, mfasiri wa mahakamani, alipitia kibandani kwake kupima gauni. Fundi alikuwa amepiga magoti akibana upindo kwa pini.

— Wifi, eti quaerere ni kutafuta?

— Makubwa! Umeanza Kilatini? Ndiyo, ni kutafuta.

— Na te quiero je?

— Aa, hapo neno limeshasafiri. Unachokitafuta sana unakitaka, unachokitaka sana unakipenda. Mhispania akikwambia hivyo, anakwambia nakupenda. Kwani nani kakwambia, tukale ubwabwa?

Fundi hakucheka. Akamwonyesha picha. Wifi akasoma mara mbili, uso ukamshuka.

— "Nakupenda. Alhamisi, kama siku zote." Wifi, hii ni picha ya simu ya nani?

— Ya kaka yako.

Alhamisi ndiyo siku ambayo Mwalimu huchelewa kurudi, eti vikao vya walimu.

Fundi akamsimulia lile somo la Kilatini la mumewe. Wifi akampigia kaka yake, akaweka sauti ya nje.

— Kaka, na hiyo "como siempre", kama siku zote, imetoka Kilatini gani?

Mwalimu akashusha sauti.

— Nani kakuonyesha?

— Mkeo. Yuko hapa, anasikia.

— Mke wangu, sikiliza… Asili ya lile neno sikukudanganya.

— Najua. Hilo ndilo linaloniuma. Ungeniongopea waziwazi ningelia yakaisha. Wewe umechukua jambo la kweli ukanifunga nalo macho. Mpaka nikakuomba radhi! Mimi, nikuombe radhi wewe!

— Nisamehe.

— Unampenda? Nijibu kwa Kiswahili.

Zilisikika kelele za wanafunzi wakitoka darasani, kisha mlango ukafungwa.

— Ndiyo.

Fundi akakata simu. Akarudi kwenye upindo, akabana pini mahali pasipo pake. Wifi akamwinua, akamkumbatia akiwa bado na lile gauni la pini mwilini, pini zikawachoma wote wawili.

— Funga kibanda. Leo unalala kwangu.

— Nitalalaje kwa dada wa mume wangu, wifi?

— Huendi kwa dada wa mumeo. Unakwenda kwa dada yako.