Vibarua wa Ubongo

Kila asubuhi katika nyumba ile ilianza kwa kelele.

"Mbona mnaninyima chai?" mzee aliuliza.

"Baba, si umekunywa sasa hivi?" binti yake alijibu.

"Mimi? Mnanifanya mtoto!"

"Umekunywa! Kikombe hicho hapo!"

Binti huyo alikuwa mshonaji sokoni, na watu wote walimwita Fundi. Baba yake alikuwa mwashi aliyestaafu. Nyumba nyingi za mtaa ule alizijenga kwa mikono yake. Sasa alikuwa anapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akitafuta choo, anaingia jikoni. Fundi alichoka kubishana, akaenda kazini amenuna.

Mchana, mzee alibaki na dada yake. Shangazi huyo alihamia kwao tangu mke wa mzee afariki. Alimpikia kaka yake, alimfulia, alimvumilia. Siku moja mzee hakuuona mwiko wake wa kujengea. Akamnyooshea dada yake kidole.

"Mwizi huyu! Tena ananitilia vitu kwenye chakula!"

Mwana wa kiume wa mzee, mchomeleaji wa mageti, alikuwa amekuja kumwona. Macho yakamtoka pima.

"Nilijua tu! Shangazi, umemroga baba yetu!"

"Nimroge ndugu yangu wa tumbo moja? Una akili wewe?"

Hakusikilizwa. Mzigo wake ulitupwa nje, majirani wakitazama. Shangazi aliuokota kimyakimya, akaondoka.

Fundi aliporudi alasiri, alikuta kufuli kubwa kwenye mlango wa baba. Ndani mzee alikuwa anagonga na kuita. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Nani kafunga hapa?"

"Mimi," kaka yake alisema. "Atatoka agongwe na gari. Na yule mchawi nimeshamfukuza."

Damu ilimpanda Fundi kichwani. "Lete ufunguo."

"Tulia kwanza."

Fundi hakutulia. Alichukua nyundo, akapiga komeo mpaka likang'oka. Baba yake alikuwa amekaa sakafuni, suruali imelowa mkojo. Alikuwa anatetemeka.

"Mama," alimwambia binti yake, "wameniweka jela. Nimefanya nini?"

Fundi alimgeukia kaka yake, nyundo bado mkononi. "Huyu ni baba yako! Mbuzi wako ungemfungia hivi?"

Kelele zilimtoa mpangaji wao wa chumba cha uani. Alikuwa binti wa chuo kikuu, anayefanya utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu ubongo. Mtaani walimpa jina la Daktari Panya, kwa sababu seli anazochunguza ni za panya. Alileta maji ya uvuguvugu. Walimwosha mzee, wakambadilisha nguo. Kisha wakakaa uani.

"Dada, huyu hajarogwa," Daktari Panya alisema. "Huenda ubongo wake unaugua."

"Unaugua vipi?" kaka aliuliza kwa dharau. "Wewe si unatibu panya?"

"Sitibu mtu yeyote. Ninatafiti. Mzee alipojenga, alikuwa peke yake?"

"Peke yake wapi! Alikuwa na vibarua. Wa kuchanganya udongo, wa kusogeza matofali, wa kuzoa kifusi."

"Basi ubongo nao una waashi. Ni seli zinazopeleka habari, ndizo tunazokumbukia. Na una vibarua, seli saidizi. Hizi zinawalisha waashi, zinazoa taka, zinazima moto ubongoni kukiwa na maradhi. Mimi nachunguza vibarua hao. Katika magonjwa ya kupoteza kumbukumbu, wengine wanaacha kuzoa taka. Wengine wanachachamaa, wanawasha moto badala ya kuuzima. Waashi wanakufa taratibu."

"Kwa nini wanachachamaa?"

"Hatujajua yote. Ndiyo maana bado natafiti."

Fundi alisimama. "Miaka yote hiyo unasoma, na dawa ya kumponya hamna?"

"Ya kuponya, bado."

"Sasa mnafanya nini huko?"

Daktari Panya hakuinamisha uso. "Nakasirika kama wewe, dada. Bibi yangu aliumwa hivihivi. Walimwita mchawi mpaka akafa hasemi na mtu. Dawa sina, lakini uchawi naweza kuukataa leo. Mpelekeni hospitali. Yapo mambo mengine yanayovuruga akili ya mzee, kama maambukizi, upungufu wa vitamini au hata dawa anazotumia. Hayo yanatibika. Lazima daktari apime."

Walimpeleka. Daktari alimwuliza mzee maswali, akampima damu na kichwa. Ulikuwa kweli ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

"Msibishane naye," daktari alisema. "Msimfungie peke yake. Atembee na mtu. Ale na kulala kwa saa zilezile. Akimtuhumu mtu, ni ugonjwa unaosema. Na anayemtunza apumzishwe, asiachiwe mzigo peke yake."

Nje ya hospitali, Fundi hakumwonea kaka yake huruma.

"Sasa twende kwa shangazi. Utaomba radhi mbele ya majirani, kama ulivyomtukana mbele yao."

Shangazi, aliyehifadhiwa na jirani mmoja tangu afukuzwe, aliisikiliza radhi hiyo mlangoni, mikono kiunoni. "Nitarudi kwa ajili ya kaka yangu," alisema. "Wewe mchomeleaji usinisemeshe."

Waligawana kazi. Mlango wa choo ulipakwa rangi nyekundu ili mzee auone. Akidai chai, Fundi hakubishana tena. "Inakuja, Baba," alisema, akamletea nusu kikombe. Mzee hakupona. Lakini aliacha kupiga kelele, akaanza kulala usiku kucha.

Kaka alipangiwa kumwogesha kila Jumamosi. Siku moja, akimsugua mgongo, mzee aligeuka.

"Kijana, wewe mtoto wa nani?"

Zamani angefoka. Safari hii aliendelea kumsugua. "Mtoto wa mwashi mmoja, mzee wangu."

"Kakufunza vizuri. Una mikono ya pole."

Alimaliza kumkausha, akamvisha shati. Kisha akatoka uani, akaipiga ndoo teke ikabiringika hadi ukutani. Akachuchumaa, akajifunika uso, mabega yakimtikisika.

Shangazi alimtazama kutoka jikoni. Tangu arudi, hakuwa amemsemesha hata neno.

"We mchomeleaji," aliita. "Okota hiyo ndoo, unawe mikono. Chakula kinapoa."