Vikapu Vinavyoachwa Njiani

Kila siku alipotoka shule, Injinia alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akamwamkia mama yake aliyekuwa ameinamia cherehani. Kisha alikaa kula huku akisimulia vituko vya darasani mpaka mama acheke. Lakini wiki hiyo hamu ya chakula ilimtoka kabisa. Hata kabla ya kunawa, macho yake yalikimbilia simu ya mama iliyolala juu ya vipande vya turubai.

"Shikamoo, mama. Kuna aliyenunua?"

"Marahaba. Wameingia wengi leo," mama alijibu bila kuinua kichwa. "Wanachagua begi, wanaliweka kwenye kikapu, halafu wanaondoka zao. Hakuna hata mmoja aliyelipa."

Injinia halikuwa jina lake halisi. Mjomba wake ndiye aliyempachika, siku binti huyo alipoifungua redio iliyokufa akaifanya iseme tena. Mtaa mzima ukalidaka jina hilo, naye mwenyewe akalipenda kupita kiasi.

Mama alishona mabegi ya turubai, imara na ya kupendeza. Mjomba, aliyefanya kazi ya kompyuta kwenye duka la uchapaji, alimfungulia dada yake duka la mtandaoni. Ukurasa mmoja alimwachia Injinia autengeneze, maana klabu ya kompyuta shuleni ilimsifu sana. Ulikuwa ukurasa wa malipo, ule wa mwisho, ambapo mnunuzi anaandika jina lake, anaeleza begi lipelekwe wapi, kisha analipa.

"Ukimaliza, wape watu wajaribu kununua," mjomba alimwagiza. "Wewe kaa pembeni, funga mdomo, tazama vidole vyao vinakwama wapi."

Injinia hakumpa mtu yeyote. Aliona haya. Je, wakimcheka? Aliujaribu peke yake, ukapita bila tatizo. Mjomba alipouliza, alimjibu bila kupepesa macho, "Nimewapa watu, mjomba. Wote wameweza."

Sasa, baada ya kunawa, alikaa kula. Alikuwa akijaribu kumeza tonge la kwanza alipomwona mama amechukua begi jipya lenye mifuko miwili na kuanza kulifumua kwa wembe.

"Mama! Unafanya nini?"

"Labda mifuko hii ndiyo inayowakimbiza. Niambie ukweli, mwanangu, mabegi yangu yana ushamba?"

"Hata kidogo, mama! Ni mazuri."

"Yangekuwa mazuri yangenunuliwa." Mama alivuta uzi, ukakatika. "Msimamizi wa kiwanda cha kufua shuka kule mbali, aliyeniahidi kazi, atanipigia kesho jioni. Anataka jibu. Nikienda huko, utakaa kwa bibi yako, nami nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi. Tutafanyaje?"

Injinia alisukuma bakuli pembeni, akaomba simu, akatoka mbio hadi kibanda cha kinyozi, jirani yao. Kinyozi hakuwa na mteja. Alikuwa amekalia kiti chake mwenyewe, akijizungusha taratibu.

"Shikamoo, baba. Naomba unisaidie. Jifanye unanunua begi kwenye duka la mama."

"Marahaba, Injinia! Leo nimekuwa tajiri?" Alipokea simu, akapitisha kidole kwenye picha. "Lo! Hili hapa zuri, bwana. Hili lingenifaa kwa mashine zangu." Akaliweka kwenye kikapu, akabonyeza kitufe cha kulipa.

Kidole kikasimama. Ukurasa ulimtaka ajisajili kwanza. Achague neno la siri lenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Kinyozi aliandika, maandishi mekundu yakatokea. Akaandika tena, mekundu tena. "Mtoto wewe, nanunua begi au nafungua benki?"

Injinia aliuma midomo asiseme. Hatimaye kinyozi alipita hapo, lakini alipofika mbele akakwama tena.

"Namba ya nyumba? Nyumba yangu haina namba. Mtaa huu nani ana namba?" Akaacha nafasi hiyo wazi, akabonyeza. Ukurasa ukagoma, tena ukafuta yote aliyoandika. Kinyozi alimrudishia simu. "Aa, yamenishinda. Mwambie mama yako nitakuja mwenyewe siku moja."

Kumbe! Injinia aliganda palepale. Yeye alipojaribu alibuni namba tu, ukurasa ukampitisha. Vitu hivyo vyote aliviweka ili duka lao lifanane na maduka makubwa. Watu waliyapenda mabegi. Waliotaka kulipa ndio waliofukuzwa, na aliyewafukuza ni yeye.

Njiani wazo lilimjia. Angeweza kuurekebisha ukurasa kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Lakini alipofika mlangoni alimkuta mama ameanza kufumua begi la pili, macho yamemwiva. Injinia alipiga moyo konde.

"Mama, acha. Mabegi yako hayana kosa. Kosa liko kwenye ukurasa wangu. Nilimdanganya mjomba. Sikumpa mtu yeyote aujaribu."

Mama aliweka wembe mezani.

"Mimi nafumua kazi yangu," alisema, "na wewe umekaa unanitazama?" Kisha akampigia simu kaka yake.

Mjomba alifika na kompyuta yake kwapani. "Uliniambia watu wameweza," alisema. "Watu gani?"

"Hakuna, mjomba. Ni mimi tu. Nisamehe."

"Haya, kaa hapa. Utaondoa wewe mwenyewe, mimi nitakusimamia."

Waliondoa kujisajili, wakaondoa neno la siri. Mahali pa namba ya nyumba waliweka nafasi ya kuandika maneno yoyote: Tukufikieje? Wakahakikisha pia kwamba mtu akikosea sehemu moja, mengine aliyoandika hayafutiki. Kisha kinyozi akaitwa. Alijaribu, akahangaika kutafuta kitufe cha mwisho cha kulipa, kilichojificha chini kabisa ya ukurasa. Injinia alikipandisha juu. Kinyozi akajaribu tena, na safari hii kidole hakikukwama popote.

Kesho yake saa za shule hazikwenda. Injinia alirudi mbio, akakaa kando ya cherehani, roho mkononi. Simu ilikuwa kimya. Jua lilianza kushuka, bado kimya. Ghafla ikalia mlio mfupi. Mama akasoma kwa sauti: "Mabegi mawili. Nyuma ya bomba la maji, geti la bluu. Gongeni kwa nguvu, mama mkwe hasikii vizuri." Hawajamaliza kucheka, mlio mwingine ukaingia, na mwingine tena.

Simu ilipolia kwa muda mrefu, ilikuwa ni yule msimamizi.

"Nashukuru sana kwa kunikumbuka," mama alimwambia. "Lakini kazi ninayo, tena iko hapahapa nyumbani."

Alipokata simu, alimgeukia binti yake.

"Kukosea ukurasa si neno, mwanangu. Hata mimi nashona nikafumua. Lakini ulipoona haya kuchekwa, ukasema uongo, na uongo huo ukaniangukia mimi. Ningeondoka hapa nikiamini mikono yangu haijui kazi, kumbe ni maneno yako tu. Kazi yako ikiwa haijajaribiwa, sema haijajaribiwa. Hapo tutakusaidia."

Machozi yalimlengalenga Injinia. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Haya, futa machozi uje unishikie turubai. Watu wanangoja mabegi yao."