Mayai Niliyomlisha Radi

Kila asubuhi mama alikuwa ananichemshia mayai mawili, ananifungia kwenye kitambaa, natoka mbio kwenda shule. Mbio zenyewe ndizo zilizoleta balaa. Darasani tulikuwa na mmoja tunamwita Radi. Alinishinda mbio mbele ya shule nzima, tena akamalizia kinyumenyume, ananipungia mkono.

"Konokono, fanya haraka, giza linaingia!"

Watu walicheka mpaka machozi. Nikaapa: huyu nitamlipa.

Nikawaza, mwepesi hushinda, mzito hushindwa. Basi mayai yangu nikawa nampa yeye, anenepe. Mimi nikashindia chai kavu.

"Mbona unanipenda ghafla?" akauliza.

"Kula tu, ndugu yangu." Rohoni nasema, nenepa, fahali wa kuchinjwa.

Wiki tatu hivyo hivyo. Siku ya mashindano nilitoka kama mshale. Mzunguko wa tatu moyo ukawa unadunda kama mlango unaogongwa na askari. Nikaanguka kifudifudi. Aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati ni nani? Radi. Wala hakuhema.

Muuguzi pale ni shangazi yangu. Akanipima, akaniuliza nimekula nini. Nikatapika siri yote.

"Kumbe ndiyo maana nina nguvu hivi!" Radi akacheka.

Shangazi hakucheka. "Moyo ni nyama, mwanangu. Kila siku nyama hiyo inavunjwa na kujengwa upya. Matofali yake yanaitwa asidi amino. Yako kwenye mayai, maharage, samaki. Mengine moyo unayachoma upate nguvu. Ukikaa na njaa, mwili unabomoa misuli yake wenyewe, na moyo nao hausalimiki. Leo umeangushwa na njaa tu. Ungeendelea, ungejenga moyo wa mwenzio kwa matofali ya wako."

Kesho yake nilikula mayai yote mawili. Radi akanyoosha mkono. "Yangu je?"

"Utayakuta kwenye mstari wa mwisho."

Muhula uliofuata nilimshinda kwa hatua mbili. Nikageuka, nikampungia mkono. Nilishindwa kujizuia!

Shangazi, aliyekuja kutazama, akanivuta pembeni. "Haya, umeshamlipa. Sasa kamshike mkono aliyekubeba. Kinyongo nacho ni njaa: kikikosa cha kula, kinamla mwenye nacho."

Nikaenda. Yai moja nilikuwa nalo mfukoni. Tukagawana.