Povu la Maharage

Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote, Chapchap alifagia uwanja nusu, akanawa uso nusu, akashika njia ya shule. Jina hilo alipewa na kaka yake, kwa kuwa kila kazi aliimaliza kabla haijaanza vizuri. Ila siku hizi hata kaka mtu hakuwa na hamu ya utani. Maharage waliyopanda yaliota yamepinda, yakageuka kahawia, yakafa. Baba alisema udongo umekwisha nguvu. Alipanga kuondoka kutafuta kibarua mbali.

Chapchap alikuwa na lake moyoni. Kabla ya kupanda, paa lilivuja, mbegu zikalowa. Mama alimwambia azianike mkekani, kivulini, azigeuzegeuze mpaka jioni. Chapchap aliona mkeka unamchelewesha kwenda kuruka kamba. Akazimwaga juu ya bati lililokuwa likiwaka kwa jua. Bati lilipojaa, zilizobaki akaziacha mkekani. Za bati zikaingia kwenye kopo, za mkeka kwenye kibuyu. Mama akapanda za kopo.

"Ulizianika kivulini?" mama alimwuliza miche ilipoanza kufa.

"Ndiyo, mama."

Leo mwalimu wa sayansi alitaka kila mwanafunzi alete mbegu zilizoanza kuchipua. Chapchap alileta za mwisho za kopo, zilizochipua kwa shida. Mwalimu alizitwanga za kila mmoja, akazitia glasini, akadondoshea dawa ya kusafishia vidonda. Glasi ya jirani yake wa dawati ilifura povu mpaka mdomoni. Ya Chapchap ilitulia kama maji ya mtaroni.

"Za Chapchap zimelala!" jirani akacheka. "Zitandikie kabisa!"

Mwalimu hakucheka. "Mbegu ikiamka hupumua kwa nguvu, na kupumua huko huzalisha sumu kama dawa hii. Ndani yake mna vimeng'enya vinavyoivunja sumu iwe maji na oksijeni. Oksijeni hiyo ndiyo inayotoa povu. Vimeng'enya vikiungua, mche huuawa na sumu uliyoitengeneza wenyewe. Hizi zimepigwa na joto kali, binti. Zilianikwa wapi?"

 Chapchap alikumbuka maneno ya mama asubuhi: za kibuyu zitapikwa leo, za nini tena kwenye udongo uliokufa?

Kengele ya mwisho ilimkuta mlangoni. Alipofika nyumbani anahema, maji yalikuwa yakitokota mekoni, kibuyu kiko mkononi mwa mama, mdogo wake analia njaa.

"Mama, usimimine! Udongo hauna kosa. Ni mimi. Nilizianika juu ya bati."

 Mama akakiziba kibuyu. Mtoto akazidi kulia. Jioni hiyo walikunywa uji mwepesi, na hakuna aliyemtazama Chapchap.

Baba hakuondoka. Mbegu za kibuyu ziliota wima, lakini hazikutosha. Nusu ya shamba ilibaki tupu.

"Siku hizi tukuite Polepole?" kaka yake alimtania alipomwona akipalilia.

Mama hakutabasamu. "Kuanika vibaya lilikuwa kosa la mchana mmoja, mwanangu. Ungesema, tungeomba mbegu kwa jirani na kupanda upya. Uongo wako ndio uliokula msimu wa mvua. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati bado tunaweza kutengeneza."

"Ndiyo, mama," Chapchap alijibu, na safari hii alimtazama usoni. Kisha akarudi mwanzo wa tuta, kwenye gugu alilokuwa ameliruka.