Meza ya Ndizi Sokoni Jericho

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mideva alimsaidia mama yake kupanga ndizi kwenye meza yao katika soko la Jericho, Nairobi. Mama alikata mkungu kwa kisu, chana baada ya chana, na Mideva akazipanga: za kupika nyuma, mbivu mbele, zenye madoa pembeni. Majani makavu ya migomba, yale yaliyofungiwa mikungu safarini, yalirundikwa chini ya meza. Ndizi zote zilitoka shambani kwa Babu, kijijini Kivihero, upande wa magharibi. Lori lilizileta kila wiki.

Asubuhi moja Mideva hakufunga mdomo. Jana yake alikuwa ameshinda mdahalo shuleni.

"Niliwaambia pesa za kodi zibaki Nairobi," alisema huku akifuta meza. "Sisi ndio tuna mashimo barabarani na mitaro iliyoziba. Shamba lina udongo, lina mvua. Linataka nini tena? Darasa zima lilinipigia makofi! Wamalwa akabaki ameduwaa."

"Wewe umewahi kupalilia hata mgomba mmoja?" mama akamuuliza.

"Mama, mdahalo si kupalilia!"

Mama alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Wamalwa aliyeshindwa alikuwa mtoto wa Mzee Lusweti, msimamizi wa soko. Mzee Lusweti alikuwa mtu wa haki, lakini hakupenda mzaha kazini. Sokoni palikuwa na sheria moja ambayo kila mchuuzi aliijua: meza ikikaa tupu, inapewa mtu mwingine. Nje ya ukuta walikuwako wanawake waliouza vitu vyao chini, juani, wakingoja nafasi. Mama Mideva mwenyewe aliuza chini hivyo hivyo kwa miaka kabla ya kupata meza ile.

Mwaka ule mvua ilinyesha kama mfereji uliofunguliwa ukasahauliwa. Shule zilipofungwa kwa likizo ya Aprili, kalavati ya Kivihero, ile iliyovusha barabara juu ya mto, ilikuwa imesombwa. Lori halikuweza kufika. Babu alipiga simu kutoka posta ya mjini kwao, akaipiga dukani kwa Yonis, jirani Mwislamu wa hapo Jericho aliyekuwa na simu, na Mama akaitwa mbio.

"Ndizi zinaivia shambani," Babu alisema. "Tunawapa ng'ombe. Hata ng'ombe wamezichoka! Jirani yangu amemtoa mtoto shuleni kwa sababu hana cha kuuza. Tumepanga mawe mtoni, maji yakayabeba. Tukapanga tena, yakabeba tena. Mawe tunayo, mikono tunayo. Saruji na mabomba ndiyo hatuna."

"Na serikali?"

"Walisema pesa za barabara yetu zimekwenda kutumika mjini kwanza. Lakini hatukukubali. Kesho kijiji kizima tunarudi ofisini kwao kuuliza."

Mideva, aliyekuwa amesimama kando akisikiliza, alihisi masikio yakimwaka moto. Pesa zitumike mjini! Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe.

Ndizi za wachuuzi wengine zilikuwa zimepanda bei, Mama hakuziweza. Basi akaenda Industrial Area, mtaa wa viwanda, kutafuta kibarua katika ghala moja, akamwachia Mideva meza. "Uza hizi chana chache zilizobaki," alimwambia. "Mzee Lusweti akija, mwambie ukweli. Umesikia, mama?"

"Nimesikia."

Lakini kufikia saa sita, chana zilizobaki zilikuwa chache mno. Mideva aliitazama meza, akawatazama wanawake nje ya ukuta waliokuwa wakingoja nafasi. Mtoto wa Yonis, Kawsar, rafiki yake mkubwa, alikuwa amekuja kumtembelea.

"Kawsar, dukani kwenu kuna magazeti ya zamani?"

"Tele. Ya kufungia nyama na misumari. Ya nini?"

Mideva akamnong'oneza. Kawsar akaziba mdomo kwa shungi lake asicheke.

Wakakunja magazeti, wakayafunga kwa kamba yakawa mapande marefu manene, kisha wakayazungushia majani makavu ya migomba yaliyokuwa chini ya meza. Juu wakachomeka kikonyo cha mkungu uliokwisha. Ukiitazama kwa mbali, ilikuwa mikungu mitatu iliyofika jana kutoka magharibi. Wakaiegemeza nyuma ya chana zile chache, wakapiga hatua nyuma kuikagua.

"Huu mmoja umenenepa kuliko mwenzake," Kawsar alisema.

"Ndizi hazifanani. Nyamaza, anakuja!"

Mzee Lusweti alipita pole pole, mikono nyuma. Akasimama. Uso wake ukachangamka.

"Ala! Mama Mideva amepata mzigo! Wenzake wote wanalia. Leo nina wageni nyumbani, wakwe zangu wanakuja. Nitauchukua huu mkubwa."

"Huo... huo umeshanunuliwa, Mzee!"

"Basi huu mwingine."

"Na huo pia!"

"Yote mitatu? Na nani?"

"Na mimi," Kawsar alisema haraka.

Mzee Lusweti alimtazama Kawsar, kisha akainama kuubeba mkungu kwa nguvu za mtu anayetarajia uzito. Mkungu ukaruka juu kama mto wa kulalia. Mzee akayumba nyuma, kofia ikaanguka, kamba ikakatika, na habari za mwaka uliopita zikamwagika soko zima. Mchuuzi wa vitunguu aliokota karatasi moja, akaisoma, akapaza sauti: "Leo ndizi zina matangazo ya vifo!" Watu wakaangua kicheko.

Mzee Lusweti peke yake hakucheka. "Huu ni udanganyifu," alisema. "Ndani ya soko langu! Meza hii itapata mwenyewe mwingine kesho."

Wakati huo huo Mama alitokea, nywele zimejaa vumbi la ghala. Mideva alimwona akisimama katikati ya magazeti, akaelewa kwamba sasa mama atalaumiwa kwa jambo asilolijua.

"Mzee, Mama hakujua," alisema, machozi yakimlengalenga. "Aliniagiza niseme ukweli. Ni mimi. Kalavati ya kwetu imesombwa, lori halipiti. Niliogopa tutapoteza meza."

"Kalavati?" Mzee Lusweti aliokota kofia yake. "Si wewe uliyemwambia Wamalwa kwamba shamba halihitaji kitu? Kijana wangu alikula chakula cha jioni huku amenuna!"

"Nilikosea, Mzee."

Mzee akaipangusa kofia yake. Kisha pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo. "Kama ungeniambia asubuhi, ningekupa muda bila kelele. Haya. Nawapa mpaka Jumamosi jioni. Meza hii iwe na ndizi. Za kuliwa, si za kusomwa."

Siku zilizofuata Mideva alifagia mbele ya meza tupu na kumwambia ukweli kila aliyeuliza. Ijumaa, Kawsar alikuja mbio huku akipiga kelele tangu mbali: "Babu yako yuko kwenye simu! Njoo!"

Babu alikuwa akipiga kelele vile vile. "Wametoa pesa za kalavati! Tuliketi ofisini mpaka wakachoka kutuona. Greda limekuja, mabomba yamekuja, saruji imekuja! Sisi tumebeba mawe na kokoto. Lori limevuka sasa hivi, na wanawake walipiga vigelegele mpaka dereva akaona haya! Jirani yangu amepakia mikungu yake pia. Shule zikifunguliwa, mtoto wake anarudi darasani."

Jumamosi mchana lori lilifika. Mideva, Kawsar na hata Wamalwa walibeba mikungu, mizito, ya kweli, utomvu ukiwachafua nguo. Meza ikajaa mpaka mikungu mingine ikawekwa chini. Mzee Lusweti alichagua mkungu mmoja, akaunyanyua kwa tahadhari kubwa, akaguna.

"Huu ni ndizi," alitangaza, na soko zima likacheka tena. Safari hii naye alicheka.

"Muhula ujao turudie ule mdahalo," Mideva alimwambia Wamalwa. "Mimi nichukue upande wako."

"Na mimi nibaki na upande gani?"

"Wa magazeti!"

Jioni, wateja walipopungua, Mama alimenya ndizi mbivu akampa Mideva.

"Kila siku nalipa ushuru hapa," alisema. "Nikinunua sukari, kodi imo. Nilikuwa najiuliza pesa hizo zinakwenda wapi. Zikijenga mtaro wetu hapa Jericho, ni vizuri. Zikinunua saruji ya Kivihero, Babu anauza, jirani yake anasomesha, na sisi tunakula. Mji hauli lami, mama. Kwa hiyo usikubali upande mmoja usahaulike, na ukiona umesahaulika, fanya kama Babu, nenda ukaulize."

"Na magazeti je?"

"Meza tupu si aibu. Mtu akiijua shida yako anaweza kukusaidia. Ukiifunga ndani ya majani, atakusaidia vipi?"

Mideva akaitikia kwa kichwa. Hakuweza kujibu kwa mdomo, kwa kuwa ulikuwa umejaa ndizi.